MTEREMKO HAUNA HURUMA
Dereva wa gari la otomatiki ajue kushusha gia na kulinda giaboksi na joto

Na Mwandishi Wetu

ZAMANI dereva wa nchi hii alijulikana kwa mguu wake wa kushoto. Aliyejua kuachia klachi bila kulirusha gari, na aliyeweza kushusha gia kutoka ya tatu hadi ya pili katikati ya mlima bila abiria kushtuka, huyo ndiye aliyehesabiwa kuwa dereva. Peugeot, Land Rover na Datsun za enzi hizo zilimtaka mwenye gari aifanye kazi hiyo mwenyewe, na alipofika kileleni alijua pasipo kuambiwa kwamba gia iliyompandisha ndiyo itakayomshusha.

Siku hizi mguu huo wa kushoto umepumzishwa. Magari mengi madogo yanayoingia nchini, hasa yale yaliyokwisha kutumika Japani, ni ya otomatiki. Mfanyakazi aliyedunduliza mshahara wake kwa miaka, au aliyekopa katika chama cha kuweka na kukopa cha kazini kwake, hukabidhiwa ufunguo, akauweka mkono wa gia kwenye herufi D, na gari likaenda. Kwa D atakwenda kazini, kwa D atawapeleka watoto shule, na mwisho wa mwaka, gari likiwa limejaa familia na mizigo, kwa D hiyo hiyo ataelekea Lushoto, Iringa au Mbeya.

Hapo ndipo mambo mawili yanapowekwa rehani. La kwanza ni roho za watu, kwa kuwa gari linaloteremka mlima mrefu kwa D huziachia breki peke yake mzigo ambao hazikuundwa kuubeba kwa muda mrefu. La pili ni mfuko wa familia, kwa kuwa giaboksi ya otomatiki ikiungua haitengenezwi kwa fedha za chai. Mambo yote mawili yanatokana na adui mmoja, naye ni joto.

Kilichomo ndani ya giaboksi

Ili tuelewane vizuri, yafaa kwanza tuijue mashine yenyewe. Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi hushikana kwa msuguano wa klachi. Katika gari la otomatiki la kawaida, kazi hiyo hufanywa na mafuta. Chukua mfano wa feni mbili zilizoelekezana uso kwa uso, moja imewashwa na nyingine haikuwashwa. Upepo wa ile ya kwanza utaizungusha ya pili. Weka mafuta mahali pa upepo, zifungie feni hizo ndani ya chombo kimoja cha chuma, nawe umepata kile ambacho mafundi hukiita tokikonveta. Asili ya chombo hiki ni ya baharini: kilibuniwa na mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905, kwa ajili ya meli. Giaboksi ya otomatiki kamili iliyouzwa kwa watu wengi ilitolewa na kampuni ya General Motors ya Marekani mwaka 1939, katika magari ya Oldsmobile.

Uzuri wa feni hizo za mafuta ni kwamba gari linaweza kusimama injini ikiendelea kunguruma, bila ya kuzimika. Ubaya wake ni kwamba feni moja inapozunguka kwa kasi kuliko mwenzake, mafuta husukwasukwa, na nguvu inayopotea hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana magari mengi yana kifungio cha kuziunganisha feni hizo zizunguke pamoja gari likishashika mwendo. Gari likipanda mlima taratibu likiwa na mzigo, kifungio huachia, na joto huzaliwa kwa wingi.

Mafuta hayo hufanya kazi nne kwa wakati mmoja. Hubeba nguvu ya injini, hulainisha vyuma, husukuma bao za klachi ndogo ndogo zilizomo ndani, na huondoa joto. Mafuta yakiharibika, kazi zote nne huharibika pamoja.

D haioni mlima

Dereva anapoanza kuteremka huondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Hilo ni jema. Lakini giaboksi nyingi, hasa za magari yaliyotengenezwa miaka mingi iliyopita, zikiona pedali imeachiwa hudhani kwamba gari limefika tambarare na dereva anataka kwenda kwa utulivu. Basi hupandisha gia hadi ya juu kabisa. Katika gia hiyo injini hulegea na gari hupata uhuru wa kukimbia, kinyume kabisa cha kile kinachotakiwa mteremkoni. Yako magari mapya yenye akili ya kutambua mteremko na kushusha gia yenyewe, lakini si busara kuikabidhi familia nzima kwa akili ya chombo ambacho hujakijaribu.

Kinachobaki kulizuia gari ni breki. Hebu tuhesabu. Barabara ya kutoka Lushoto kuteremka Mombo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 30, hushuka karibu mita 1,000 za kimo. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na watu wake likishuka kimo hicho hulazimika kuachia nguvu ambayo, ikigeuzwa yote kuwa joto, ingeweza kuchemsha ndoo mbili na zaidi za maji za lita 20. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki lazima imezwe na injini au na breki. Injini ina radieta, maji na feni za kuipoza. Breki zina vipande vichache vya chuma na upepo unaopita tu. Ni dhahiri basi nani apewe mzigo mkubwa.

Breki zikikanyagwa mfululizo, pedi hupata moto hata zikapoteza uwezo wa kung'ata. Moto ukizidi, mafuta ya breki huchemka ndani ya mabomba na kufanya mapovu, nayo pedali huzama kama inayokanyaga sifongo. Wenyeji wa njia za Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida, na Mbalizi mkoani Mbeya wamekwisha kuona mara nyingi matokeo ya breki zilizoshindwa, hususan za malori.

Kuzisoma herufi

Mbele ya dereva mna herufi P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya nyutro na D ya kwenda. Chini ya D, magari mengi yana tarakimu 3 au 2 na herufi L. Tarakimu hizo huiambia giaboksi isipande juu ya gia iliyotajwa, na L huizuia katika gia ya chini kabisa. Yako magari yenye kitufe kando ya mkono wa gia. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF huwaka kwenye dashibodi, maana yake gia ya juu kabisa imefungwa. Mengine yana alama za kujumlisha na kutoa, dereva akapanda au kushuka gia moja moja. Magari yenye mota ya umeme pamoja na injini ya petroli, na baadhi ya yale yatumiayo mkanda badala ya gia za meno, huwa na herufi B iliyowekwa mahususi kwa ajili ya miteremko.

Wengi hukaa na gari miaka mitano wasipate kuzigusa alama hizo. Hata hivyo zimewekwa kwa sababu, na sababu yenyewe ni mlima.

Ngazi kwa ngazi

Jambo la kwanza ni kuanza mapema. Gia hushushwa kabla ya kuingia mteremkoni, gari likiwa bado chini ya utawala wa dereva, wala si baada ya gari kushika kasi.

La pili, punguza mwendo kwa breki kwanza, kisha ndipo ushushe gia. Huu ndio moyo wa jambo lote. Ukiitupa gia ya chini gari likiwa katika kasi kubwa, injini hulazimishwa kuzunguka kupita kiasi, klachi za ndani hupata mshituko, na barabara ikiwa na maji matairi yanaweza kukwama na gari likateleza. Giaboksi nyingi zinazoongozwa kwa umeme hukataa amri hiyo mpaka mwendo upungue. Za zamani hazina hakika ya kukataa.

La tatu, shuka ngazi moja moja. Funga gia ya juu kwa kitufe cha O/D, au peleka mkono kwenye 3. Subiri sekunde chache usikie injini ikipaza sauti na gari likishikwa. Ikiwa gari bado linataka kukimbia, kanyaga breki kupunguza mwendo, kisha uende kwenye 2. L iachiwe mteremko mkali sana na mwendo wa polepole.

La nne, tazama saa ya mizunguko ya injini. Dereva mgeni huogopa akiisikia injini ikinguruma kwa mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika ilhali hajakanyaga mafuta. Asihofu. Injini nzima huistahimili sauti hiyo, mradi mshale usifike kwenye alama nyekundu.

La tano, breki zitumike kwa vipindi. Chagua mwendo ulio salama, tuseme kilomita 40 kwa saa. Gari likiufikia, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka ushuke kama kilomita 10, halafu achia kabisa breki zipate kupoa. Kuweka mguu kwa wepesi juu ya pedali toka kileleni hadi bondeni ndiko kunakoziunguza.

Mambo yaliyo mwiko

Mwiko wa kwanza ni kuteremka katika nyutro kwa nia ya kubana petroli. Mazoea haya ni ya hatari, na faida yake ni ndoto. Magari ya kisasa yanayopuliziwa mafuta kwa umeme hukata petroli pindi dereva anapoachia pedali gari likiwa ndani ya gia. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwa katika nyutro, injini hulazimika kunywa petroli ili isizimike. Kwa hiyo mwenye kuteremka kwa nyutro anapoteza petroli, anapoteza msaada wa injini, na anaweza kuipoteza familia yake.

Mwiko wa pili ni kuzima injini mteremkoni. Usukani huwa mzito, nguvu ya kusaidia breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, na ufunguo ukichomolewa usukani unaweza kujifunga.

Mwiko wa tatu ni kugusa P au R gari likiwa linakwenda. P huliingiza jino la chuma katika gurudumu la meno ndani ya giaboksi. Jino hilo liliwekwa kwa ajili ya gari lililosimama.

Ikitokea breki zimeanza kulegea, usipagawe. Ondoa mguu kwenye mafuta, pampu pedali ya breki haraka haraka, shusha gia ngazi kwa ngazi, kisha vuta breki ya mkono kidogo kidogo, si kwa mara moja. Washa taa na piga honi kuwaonya wengine. Ikibidi, tafuta ukingo wa upande wa mlima au njia inayopanda, wala si upande wa bonde. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Joto na uhai wa giaboksi

Tumekwisha kushuka, sasa tupande. Kwa kawaida mafuta ya giaboksi hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Iko kanuni ya kukadiria ambayo mafundi wameitumia kwa miaka mingi: kila joto linapozidi kiwango hicho kwa nyuzi 11 hivi, uhai wa mafuta hupungua kwa nusu. Mafuta ambayo yangedumu miaka yanaweza kuharibika katika safari moja ya mateso.

Mlimani, giaboksi iliyoachwa kwenye D huhangaika, ikipanda gia na kuishusha tena kila baada ya dakika. Kila badiliko huzisugua klachi na kuongeza joto. Dawa yake ni kuifunga gia ya juu, au kuchagua 3 au 2, gari lipande kwa gia moja iliyotulia.

Katika foleni iliyo juu ya mwinuko, baadhi ya madereva hulizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo badala ya breki. Hapo feni moja inazunguka na nyingine imesimama, na nguvu yote inageuka joto ndani ya mafuta. Tumia breki ya mguu au ya mkono. Foleni ikikaa muda mrefu, weka nyutro huku breki imeshikwa.

Msimu wa mvua huleta balaa la tope. Gari likinasa, dereva hukanyaga mafuta magurudumu yakazunguka bure, akaenda D, akarudi R, tena na tena. Dakika chache za namna hiyo zinaweza kuiunguza giaboksi kuliko safari ya mamia ya kilomita. Jaribu kwa sekunde chache, kisha pumzisha. Weka mbao, mawe au matawi chini ya magurudumu, na waombe watu wasukume.

Ukiona mshale wa joto la injini unapanda mlimani, zima kiyoyozi na tafuta mahali salama pa kusimama. Ikiwa radieta haichemki, weka P na uiache injini ingurume taratibu, kwani pampu itaendelea kuyapeleka mafuta kwenye kipozeo. Ikiwa inachemka, zima injini. Kifuniko cha radieta yenye moto kisifunguliwe hata kidogo. Maji yake huruka na kubabua uso.

Radieta ni ndugu wa giaboksi

Watu wengi hawajui kwamba katika magari mengi mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya radieta ile ile ya injini, kwa mabomba mawili yanayoingia na kutoka. Kutokana na ukweli huo tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, radieta iliyoziba kwa tope na wadudu huyapikia mafuta ya gia pia, hata kama injini haijachemka. Isafishwe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, yasije yakapinda mapezi yake.

Pili, maji ya bomba au ya kisima peke yake huleta kutu. Kutu ikitoboa ukuta wa kipozeo, maji na mafuta huchanganyika, na mafuta hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Gari la namna hiyo lisiendeshwe tena, kwa kuwa maji huzibandua bao za klachi.

Tatu, uwe macho unaponunua radieta iliyotumika. Radieta ya gari la gia za mkono yaweza kufanana kwa sura na ya otomatiki, lakini haina kipozeo cha mafuta ya gia. Fundi mwenye haraka akiyaunganisha mabomba yale mawili yenyewe kwa yenyewe gari litakwenda, ila mafuta hayatapozwa.

Kupima na kubadili mafuta

Kwa magari mengi yenye kijiti cha kupimia, mafuta hupimwa mahali tambarare, baada ya safari, injini ikinguruma na mkono wa gia ukiwa kwenye P baada ya kupitishwa katika herufi zote. Magari mengine, kama ya Honda, hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu. Yako pia yasiyo na kijiti kabisa, na hayo ni kazi ya fundi. Mafuta yakipungua, pampu huvuta hewa. Yakizidi, hufanya povu. Yote mawili huleta joto.

Paka tone kwenye karatasi nyeupe. Mafuta mapya ya aina nyingi ni mekundu na maangavu. Yakiwa ya kahawia, muda wake unakaribia kwisha. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, mwone fundi bila kukawia. Dalili nyingine ni gari kuchelewa kuondoka baada ya kuwekwa D, gia kuingia kwa kishindo, au injini kupaza sauti ilhali mwendo hauongezeki.

Kwa gari lifanyalo kazi ngumu katika joto na milima, kubadili mafuta kila baada ya kilomita 40,000 hadi 60,000 si ubadhirifu. Ikumbukwe kwamba kuyamwaga mara moja hutoa sehemu tu, kwani mengine hubaki ndani ya tokikonveta. Na aina ya mafuta iwe ile iliyoagizwa na mtengenezaji. Giaboksi ya mkanda ina mafuta yake, yasiyobadilishana na ya giaboksi ya kawaida. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, aina hiyo mara nyingi huonekana kwenye kijiti chenyewe, au fundi mwaminifu anaweza kuitafuta kwa namba ya gari.

Mwisho, gari la otomatiki likigoma kuwaka halisukumwi ili liwake; halitawaka. Likivutwa, magurudumu yanayoendeshwa na injini yasiguse barabara, la sivyo vyuma huzunguka pasipo mafuta.

Ushauri kwa familia nzima

Elimu hii si ya dereva peke yake. Mama au baba aliyekaa kiti cha mbele, na hata kijana wa sekondari aliye nyuma, wanaweza kunusa harufu ya breki zinazoungua na kumtaka dereva asimame mahali salama kwa nusu saa. Dereva mwema hatachukia.

Kabla ya safari ya mwisho wa mwaka, tenga asubuhi moja. Tafuta mteremko mfupi usio na magari mengi, ujifunze kutoka D kwenda 3, na kutoka 3 kwenda 2, mpaka mkono uzoee na sikio lijue sauti ya injini inapolishika gari. Pima mafuta, osha radieta, kagua pedi za breki. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya bei ya giaboksi, na uhai wa watoto hauna bei. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Kitonga, ndugu msomaji, ni mrefu kuujenga.